Blanketi la Kitanda cha Murdoch

Ishbel Rennie hakuwa mtu wa kukaa kitako. Watu wa uwanda wa Maniototo walimjua tangu usichana wake kwa mwendo: asubuhi yuko zizini, mchana yuko juu ya paa anagongomea bati lililong'olewa na upepo, jioni anarudi na mbwa nyuma yake na mwanakondoo kwapani. Baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyezishika kazi zote ambazo kaka yake Murdoch hakuzitaka, na Murdoch alizotaka zilikuwa chache. Basi waliomkumbuka hivyo walishangaa walipopita nyumbani kwa akina Rennie miaka ile ya mwisho na kumkuta ameketi kando ya kitanda cha mama yake, kimya, magoti yamefunikwa na lundo la sufu ya kijivu na nyekundu, kama mtu aliyefukiwa na theluji hadi kiunoni.

Lilikuwa blanketi, na lilianza hivi.

Mama yao, Effie, miguu ilimwishia nguvu akiwa bado na kauli kali na tumbo linalodai chai kwa saa yake. Macho nayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Daktari wa Ranfurly alishauri apelekwe kwenye nyumba ya wazee pale mjini. Effie akamwambia kwamba amewahi kwenda kumsalimu mtu huko, akakuta wazee wamevalishwa soksi zisizolingana, na yeye hakuzaliwa afe na soksi ya mtu mwingine. Ishbel alicheka. Hakuna aliyemuuliza kama atabaki kumtunza, na yeye mwenyewe hakujiuliza. Murdoch alikuwa na mkewe, Delwyn, kwenye nyumba mpya karibu na barabara kuu, akija Jumapili, akisimama mlangoni mwa chumba cha mama yake na kofia mkononi, akisema baridi imezidi, kisha akiondoka.

Majira yaleyale kulikuwa na mtu aitwaye Hector Pullar, dereva wa lori la mifugo, aliyekuwa ameanza kukawia. Zamani alipakia kondoo, akanywa chai akiwa amesimama, akaenda zake. Sasa alikuwa anakaa. Alikuwa mwanamume mpana, mjane, mwenye masikio yaliyoungua kwa baridi, na alikuwa na namna ya kusikiliza habari za malisho na mabomba yaliyoganda kama vile anasimuliwa mambo ya ajabu. Ishbel alikuwa amekwisha kuvuka miaka arobaini na mitano. Alianza kuoka skonzi siku za lori.

Effie hakuwa akiona vizuri, lakini alisikia. Alisikia kikombe cha pili kikimiminwa, alisikia kiti kikivutwa karibu.

"Ishbel, mwanangu," alisema siku moja, "kaka yako na mkewe hawana blanketi la maana. Nataka uwafumie moja. La sufu yetu wenyewe, la kitanda kikubwa."

"Mama, madukani yamejaa."

"Ya madukani yana nini? Mimi nataka Murdoch alale chini ya kondoo wa baba yake. Ni neno langu la mwisho kwako. Likiisha, sitakuomba kitu tena."

Ishbel hakupenda kufuma hata kidogo. Alifundishwa utotoni kama wasichana wote, akafuma soksi za shule, akaacha. Lakini mgonjwa kitandani ana namna yake ya kuomba. Akachambua manyoya ya msimu ule, akayaosha, akashusha gurudumu la kusokotea kutoka darini, na mwisho wa kipupwe akaanza kuingiza vitanzi kwenye sindano. Zilikuwa sindano mbili zilizoungwa kwa waya mrefu unaopindika, maana hakuna fimbo moja inayoweza kubeba upana wa kitanda cha watu wawili.

Mtu asiyejua hudhani kazi ya blanketi iko kwenye vidole. Likiwa changa, ndivyo. Linakaa magotini kama paka. Lakini likishapita urefu wa mkono, kazi inahama. Vidole vinafanya vilevile vinavyofanya siku zote, na shughuli yote inakuwa uzito. Mwisho wa kila mstari lazima blanketi zima ligeuzwe. Likining'inia, linavuta vitanzi mpaka vinarefuka kama masikio ya punda, na linavuta viwiko na shingo ya mfumaji. Ishbel alijifunza kwa kuumia. Aliishusha meza ya kupigia pasi mpaka ikalingana na magoti yake, akaiweka ubavuni ibebe mzigo. Alilikunja blanketi mikunjo mikunjo na kulibana kwa vibanio vya nguo, akiacha kipande cha upana wa shibiri tu kuchezea sindano. Alitandika shuka kuukuu sakafuni kuzuia majivu ya jiko na nywele za mbwa. Kiangazi kilipofika na uwanda ukawa unachemka, aliliingiza lote ndani ya foronya, mdomo wa foronya ukielekea kifuani mwake, akafuma na taulo bichi shingoni.

Baadaye aligundua kwamba pahali pazuri kuliko pote pa kulilaza ni juu ya kitanda cha mama yake. Miguu ya Effie ilibeba uzito wote, naye Effie akapata joto. Kwa hiyo Ishbel alikuwa na vitu viwili vya kugeuza kila siku, mama na blanketi, na kadiri siku zilivyokwenda mama ndiye aliyezidi kuwa mwepesi.

Tabu kubwa ilikuwa kuinuka. Ili akaepue birika tu, ilimbidi amalizie mstari, atie vizibo kwenye ncha za sindano vitanzi visichomoke, abane mikunjo, anyanyue lundo, alilaze, ndipo achomoe magoti yake. Akirudi, arudie yote kinyumenyume. Mtu huchoka kufanya hivyo. Bila kukata shauri lolote, Ishbel alianza kuinuka mara chache zaidi. Mabati yakaanza kupiga kelele juu, akayaacha. Murdoch akaajiri kijana wa kuangalia uzio.

"Usiinuke ovyo," Effie alikuwa akimwambia. "Utavuta vitanzi."

Hector ndiye aliyelifanyia mzaha. Alipoliona mara ya kwanza likiwa limetanda kutoka kitini hadi kitandani, alisimama akalitazama kama anayekagua shehena.

"Hili ni la kitanda au la kufunikia uwanja wa raga?"

"La Murdoch."

"Kumbe Murdoch kanenepa namna hiyo?"

Effie, aliyekuwa amefumba macho, hakucheka. Lakini Hector alivuta kigoda, na Ishbel alipofika mwisho wa mstari, akalinyanyua lundo zima kwa mikono yake miwili akalizungusha, kisha akalituliza magotini pa Ishbel taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala. Tangu siku ile akawa anafanya hivyo kila akija. Hawakuwa wakisema mengi. Yeye alifuma, Hector alingoja mwisho wa mstari. Ishbel alikuja kusema, miaka mingi baadaye, kwamba hapajatokea mtu aliyemsaidia kazi kwa namna ile, bila kumwonyesha kwamba anasaidiwa.

Masika yaliyofuata Hector alimwambia. Walikuwa jikoni, mlango wa chumba cha Effie umerudishwa nusu.

"Nimepata nyumba Hokitika, kule ng'ambo ya milima," alisema. "Ndogo. Mvua kila siku ya Mungu, lakini paa halivuji. Nimechoka kupita kwako, Ishbel. Ningependa kufika."

Ishbel alipangusa meza iliyokuwa safi.

"Na Mama?"

"Ana mtoto mwingine wa kuzaa. Au nimekosea?"

"Ngoja nimalize hilo blanketi. Nimemwahidi. Limebaki kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kufika Krismasi litakuwa limekwisha."

Jioni ile alimwambia mama yake, kwa sababu hakuzoea kuficha. Effie alinyoosha mkono, akamshika mwanawe kidole kimoja, akasema: "Nenda, mwanangu. Sikuzuii. Likiisha la Murdoch, nenda na baraka zangu." Ishbel alilia kwa furaha, na akafuma wiki zile kama mtu anayefukuzwa.

Ulikuwa umebaki ukingo wa mwisho. Effie aliomba alipapase. Akapitisha vidole juu yake kutoka mwanzo, pole pole, huku kichwa kimeinamia upande kama anasikiliza. Akafika karibu na mwanzo kabisa, kwenye mstari mwekundu wa kwanza, akasimama.

"Hapa pana kosa."

"Wapi?"

"Hapa. Kitanzi kimerukwa. Sikia, kinacheza."

Ishbel alitazama. Kweli kilikuwepo, kitanzi kimoja, kidogo kuliko punje ya mchele, kilichozama ndani ya sufu pahali ambapo hakuna jicho lingekiona.

"Nitakishona kwa nyuma, Mama. Hakitaonekana."

"Mimi nimekiona, na mimi ni kipofu. Unataka nimpe mwanangu kitu kibovu?"

Ukitaka kukifikia kitanzi kilicho chini, hakuna njia ila kufumua vyote vilivyo juu yake. Ishbel alifumua. Ilimchukua muda karibu sawa na kufuma, maana sufu ya kusokotwa nyumbani hung'ang'aniana, nayo ilibidi iviringishwe tena kuwa mabonge, na mabonge yakajaa kwenye beseni, kwenye kapu la nguo, mpaka ndani ya bafu. Krismasi ilifika blanketi likiwa na urefu wa goti. Hector alikuja, akaona mabonge yale, akavua kofia.

"Nini kimetokea?"

"Palikuwa na kosa."

Alimtazama Ishbel, akautazama mlango wa chumba. Alikunywa chai yake akiwa amesimama.

Kipupwe kilichofuata, blanketi lilipokaribia tena mwisho, Effie alimwambia kuwa Murdoch na Delwyn wamenunua kitanda kipya, kikubwa kuliko kile cha kwanza, hivyo upana hautoshi. Iongezwe mikanda pande zote mbili. Ishbel aliongeza. Mikanda ikalifanya lundo kuwa zito hata meza ya pasi ikakatika mguu. Hector alipopita mwezi wa Mei uliofuata kuchukua kondoo, Ishbel hakuinuka kwenda kumlaki. Alikuwa katikati ya mstari, na kuinuka kulikuwa kazi. Alimsikia akizungumza na kijana wa uzio. Akasikia lori likinguruma, likiteremka mteremko, likiingia barabara kuu. Mwaka uliofuata alikuja dereva mwingine, kijana mwenye hereni, ambaye hakutaka chai.

"Pullar yuko wapi?" Ishbel alimuuliza.

"Hokitika. Kaoa, mama. Mwanamke mwenye duka la samaki."

Ishbel aliingia ndani, akajifunika blanketi lake magotini, akaendelea. Effie aliuliza ni nani aliyekuwa nje. "Dereva," alijibu, na mama yake akasema, "Ahaa," akalala usingizi mzuri.

Effie aliishi miaka mingine mitatu. Alikufa asubuhi moja ya Agosti, barafu ikiwa imeng'ang'ania vioo, blanketi likiwa juu ya miguu yake na Ishbel akiwa kwenye ncha nyingine ya uzi. Ishbel alijua kwa sababu lile lundo lilikuwa halipandi wala halishuki. Alimalizia mstari. Akatia vizibo kwenye sindano. Akabana mikunjo, akalinyanyua, akalilaza kitini, ndipo akaenda kumpigia simu kaka yake. Baadaye jambo lile lilimtia aibu kubwa, na hakumwambia mtu kwa muda mrefu: kwamba alitia vizibo kwanza.

Shamba lilikuwa limeandikwa kwa Murdoch siku nyingi. Hilo Ishbel alilijua, kama alivyojua kuwa jua linachomoza upande wa Naseby. Asilolijua ni kwamba wanunuzi walikuwa wamekwisha kulipima. Walikuwa watu wa misonobari. Hawakuhitaji nyumba wala zizi, walitaka mlima wapande miti. Alielezwa jikoni kwake mwenyewe siku ya maziko, wageni walipokwisha kuondoka, Delwyn akikusanya makombo ya keki kwa upande wa kisu.

"Tumekutafutia kiflati kizuri pale Ranfurly," alisema Murdoch. "Karibu na zahanati. Hutapata tabu ya kupasua kuni."

"Sijawahi kuona tabu ya kupasua kuni."

"Unaelewa ninachosema."

"Naelewa."

Delwyn alitupa jicho chumbani, ambako blanketi lilikuwa limekaa kitini kama mtu wa tatu wa familia. "Na lile, wifi, limebaki sana?"

"Ukingo tu."

"Basi vizuri. Si sasa una nafasi."

Ishbel alimtazama wifi yake. Hakuona ubaya usoni mwake, aliona mwanamke anayefagia makombo. Akaitika.

Kiflati kilikuwa na chumba kimoja na dirisha lililotazamana na ukuta wa tofali. Alipolibeba blanketi ndani, kapu halikupita mlangoni. Ilibidi alivute kwa mikono miwili, akirudi kinyumenyume. Likikaa kitandani, hapakuwa na pa kulala. Likiwa kitini, hapakuwa na pa kukaa. Akaishia kulala chini yake likiwa na sindano zake, akijifunza kutojigeuza. Mchana alifuma. Ilimchukua kipupwe kizima kumaliza ukingo wa kwanza, kwa sababu vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kukakamaa, na kwa sababu hakuwa na haraka ya kwenda kokote.

Murdoch na Delwyn walikuwa wamehamia Australia, Mooloolaba, kwenye jua. Alipompigia kaka yake simu kumwambia kazi inakaribia kwisha na kuuliza alitume kwa njia gani, Murdoch alicheka kidogo, si kwa ubaya.

"Huku joto, Ishbel. Tunalala na shuka tu, na hilo shuka tunalitupa chini. Baki nalo."

"Mama alisema la kitanda chako."

"Mama hayupo."

"Mimi nipo."

"Basi lilalie wewe. Mimi sikudai."

Alipokata simu, Ishbel alikaa akiutazama ule ukuta. Kisha akapiga moyo konde. Alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani mwake. Akaenda Dunedin kwa basi na blanketi limefungwa kwa kamba za marobota, na pale uwanjani kijana wa ukaguzi akalifungua lote juu ya meza, akalipapasa.

"Hiki nini, mama?"

"Blanketi."

"Mbona bado lina sindano?"

"Hata mimi nashangaa," alisema Ishbel.

Hakukubali liingizwe kwa mizigo. Alilipakata njia nzima. Mwanamke aliyeketi pembeni yake, mtu asiyemjua, aliona baridi, akavuta pembe ya blanketi bila kuomba ruhusa na kusinzia. Ishbel alimwacha. Alifuma juu ya bahari, polepole, na mwisho wa kila mstari alimzungusha na yule mwanamke kidogo.

Nyumba ya Murdoch ilikuwa ghorofani, sakafu nyeupe ya vigae, makochi meupe, bahari dirishani. Walimpokea vizuri. Walimwandalia kamba wa baridi na saladi. Asubuhi Ishbel aliketi kwenye kochi na kulitandaza magotini, na kitambo si kitambo kochi likawa na manyoya ya kijivu na uso wa Ishbel ukawa mwekundu, jasho likimtiririka mpaka kwenye miwani. Delwyn aliongeza baridi ya kiyoyozi. Akaongeza tena.

"Wifi, si upumzike? Utaanguka."

"Limebaki kidogo."

Alasiri alitaka kupima kama ukingo umefika. Akalibeba chumbani kwao akalitandaza juu ya kitanda, vitanzi vikiwa bado kwenye waya. Lilikifunika kitanda, likafunika mito, kisha likaendelea. Likateremka pande zote, likalala sakafuni upande huu hatua nzima na upande ule hatua nzima, kama hema lililoangushwa. Ishbel alizunguka kitanda mara mbili.

"Murdoch," aliita. "Kile kitanda kikubwa mlikiacha?"

Murdoch alikuja akasimama mlangoni, kama alivyokuwa akisimama mlangoni pa mama yao. "Kitanda kipi?"

"Mlichonunua. Kile kilichonifanya niongeze mikanda."

"Sijawahi kununua kitanda kingine. Hiki ndicho tulichoolea."

"Mama alisema."

Murdoch alijikuna shingo. Delwyn alikuwa amefika nyuma yake. "Murdoch," alisema kwa sauti ya chini, "nyamaza."

Lakini Murdoch hakunyamaza. Pengine alikuwa amechoka kulaumiwa kwa kitu ambacho hakukiomba. "Mimi sikuliomba blanketi hilo, Ishbel. Tangu lini mimi nikataka blanketi? Mama alisema yule dereva wa lori amekutia hamu ya kuondoka. Alisema wewe ukiwa umesimama, huzuiliki. Lakini ukiwa na kitu kizito magotini, utakaa."

Ishbel aliweka mkono juu ya ukingo wa kitanda. "Alikwambia lini?"

"Kabla hujalianza."

"Na lile kosa? Kitanzi?"

"Hilo silijui. Naapa."

"Ulijua muda wote. Ulikuwa unakuja kila Jumapili na kofia yako, ukinikuta nimekaa, ukisema baridi imezidi."

"Ningefanya nini? Ungeondoka wewe, nani angemtunza Mama?"

Chumba kilikuwa baridi kama ghala la nyama. Ishbel alimtazama kaka yake, mzee sasa, ngozi ya kichwa imeungua jua, na akaona kuwa hakuwa na jibu jingine, na wala hakuwahi kutafuta jingine.

"Haya," alisema. "Angalau leo umesema ukweli."

Hakupiga kelele. Kupiga kelele kungehitaji mtu wa kupigiwa, na yule aliyestahili alikuwa makaburini Maniototo akiwa na soksi zake mwenyewe. Kilichomuuma zaidi, alipokuwa akipanga nguo zake mbili kwenye mkoba, kilikuwa kumbukumbu ya kidole: namna mama yake alivyomshika kidole kimoja na kusema nenda, na yeye akalia kwa furaha. Alijiuliza kama Effie alikuwa ametabasamu gizani baada ya yeye kutoka. Alijiuliza pia kama Effie alikuwa akiogopa tu, mwanamke mzee asiyeona, anayesikia kiti kikivutwa karibu na kingine. Hilo la pili halikumpunguzia kitu.

Alilala kwenye nyumba ya wageni mpaka siku ya ndege yake. Blanketi aliliacha pale pale lilipotandikwa. Delwyn alimpigia simu alipokwisha kurudi Ranfurly.

"Wifi, hili bado lina sindano. Haliwezi kukunjika, na tunashindwa kulala. Tulifanyeje?"

"Ivute."

"Nini?"

"Sindano. Ivute tu, itatoka."

"Si litafumuka?"

"Litafumuka."

Delwyn alingoja aambiwe zaidi, hakuambiwa, akakata. Ishbel hakuuliza kama waliivuta, wala yeye hakuambiwa.

Hakwenda Hokitika. Alilifikiria jambo hilo siku moja nzima, akafika mpaka kutazama saa za basi, kisha akajiona amesimama mbele ya duka la samaki akiwa na umri alio nao, Hector akitoka na aproni, mkewe akiuliza ni nani huyu. Alivua koti.

Badala yake alikwenda kwa Ngahuia Tipene, mwenye kundi la wakata manyoya linalozunguka mashamba kutoka Maniototo hadi Southland, aliyekuwa akitafuta mpishi. Ngahuia alimtazama mikono.

"Hiyo inakunjika vizuri, shangazi?"

"Wa kushoto unakunjika. Wa kulia unafanya unachotaka."

"Kazi ni ya kusimama kutwa. Vijana wanakula kama nguruwe, mara tano kwa siku."

"Kusimama ndiko ninakotaka," alisema Ishbel.

Akapewa kazi. Aliurudisha ufunguo wa kiflati. Sasa anaamka kabla ya wote, anakaanga nyama ya kondoo, anaoka mikate, anagombana na vijana juu ya viatu vyao vya matope, na kundi likihama anapanda mbele kwenye gari kando ya dereva. Vijana wanamwogopa kidogo. Wanasema shangazi hana utani asubuhi. Wanasema pia kwamba muda wa chai, wote wanapojibwaga kwenye marobota ya sufu, yeye hukinywa kikombe chake akiwa amesimama mlangoni, na ukimsogezea kiti anakutazama kama umemtukana.

Kaburi la Effie halikuwa na jiwe bado. Mwaka mmoja baada ya Ishbel kuanza upishi, Murdoch alipiga simu kutoka Mooloolaba, ikampata Ishbel jikoni mwa shamba moja karibu na Gore, mikono imejaa unga. Alisema mchonga mawe anataka maneno. Alikuwa amefikiria "Mama Mpendwa, Aliyetunzwa na Wanawe". Aliuliza yeye anaonaje.

Ishbel alifuta unga kwenye kidole kimoja kimoja.

"Andika jina lake na tarehe," alisema. "Basi."

"Hakuna zaidi?"

"Zaidi ya hapo mimi silipii."

Murdoch alisema ataona. Birika lilikuwa linatokota, na nje vijana walikuwa wanaita chai.